Kuongoza kwa Kujali Watu: Mwongozo Kamili kwa Mtaalamu Kijana wa Dodoma na Singida

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuanza kazi: muuguzi wa zahanati, mwalimu, bwana shamba, mhasibu wa halmashauri, au mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ama Chuo cha Mipango anayejitolea kwenye asasi huku akingoja ajira. Unataka kazi yako ibadilishe maisha ya watu, na unataka siku moja uwaongoze wengine kuifanya bila kuwa bosi wa kuogopwa. Inawezekana. Huchukua miaka, na sehemu kubwa yake hufanyika kabla hujapewa cheo chochote.

Nianze na historia, kwa sababu mkoa huu umewahi kuongozwa kwa nia njema iliyoumiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma ilihamisha watu waliokuwa wakiishi mbalimbali na kuwakusanya kwenye vijiji vya ujamaa. Lengo lilikuwa shule, maji na zahanati karibu na watu, na nani angepinga hayo? Lakini wengi walihamishwa kwa amri, wakaacha mashamba na malisho waliyoyajua. Kisha ikaja Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, iliyoanza 1973 kwa msaada wa Sweden. Milima ya Irangi kule Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iliamriwa kuondoka kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ardhi ilipona. Nyasi zilirudi, miti ikaota, makorongo yakatulia. Hata leo wataalamu huitaja Kondoa kama ushahidi kwamba ardhi iliyochoka inaweza kufufuka.

Sasa uliza swali ambalo nitakuomba ulibebe hatua zote za mwongozo huu: nani alilipa? Alilipa mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kwa ndugu wa mbali au kuwauza. Walilipa watoto waliokosa maziwa na mashamba yaliyokosa samadi. Ilipita takriban miaka kumi ndipo ufugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa bandani ukaanza kuruhusiwa na kuenezwa. Sisemi HADO ilikosea kuokoa ardhi. Nasema ufugaji wa bandani ungeweza kuwa sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza kama mfugaji angekuwa mezani ulipopangwa.

Kwangu mimi, uongozi wa kujali watu ndio huo: kujua gharama ya uamuzi wako itamwangukia nani, kumwuliza kabla, na kupanga namna ya kumpunguzia. Upole wa sauti na tabasamu ni vizuri, lakini nimeona wapole wengi wanaoamua mambo ya watu bila kuwauliza.

Hatua ya kwanza: chagua tatizo moja na eneo moja

"Nataka kusaidia jamii" si mpango. Jamii ipi, katika lipi? Dodoma na Singida zina matatizo ya kutosha kumpa kila mtu lake: mvua chache zinazonyesha kati ya Desemba na Aprili, maji ya kunywa, trakoma (ugonjwa wa macho unaoenea watoto wasiponawa uso), wasichana wanaoacha shule, wakulima wa zabibu wanaokosa soko msimu wa mavuno, wakulima wa alizeti wanaouza mbegu kwa bei ya hasara, vijana wa mjini wanaolala kwenye mabanda ya biashara, wazee wasio na wa kuwatunza.

Chagua kwa vigezo vitatu. Kwanza, tatizo uwe umeliona kwa macho yako zaidi ya mara moja, si kwa kulisoma kwenye andiko la mradi. Pili, taaluma yako iwe na la kuchangia hapo. Mhasibu anayetaka kupunguza trakoma hana haja ya kuwa daktari; anaweza kuanza kwa kusaidia kamati ya maji ya kijiji kuweka vitabu vyake sawa, kwa sababu kisima kinachokufa kwa kukosa fedha za vipuri hurudisha watoto kwenye nyuso zisizonawiwa. Tatu, eneo liwe karibu kiasi kwamba unaweza kufika bila gari la mtu. Kama unaishi mjini Dodoma, Hombolo, Mvumi au Bahi ni bora kuliko kijiji cha mpakani utakachokifikia mara mbili kwa mwaka.

Kaa na chaguo hilo miaka mitatu angalau. Najua vijana huhama mada kila mfadhili anapobadilisha mtindo: mwaka huu tabianchi, mwakani lishe, mwaka wa tatu ubunifu wa kidijitali. Wanakijiji huona. Mtu aliyekuja jana kwa lishe na leo kaja kwa mikopo huitwa "wa mradi", na akishaitwa hivyo anaambiwa yale tu anayotaka kuyasikia.

Hatua ya pili: jifunze kusikiliza kwa utaratibu

Hapa nitakaa muda mrefu, maana ndipo wengi hupita haraka.

Kusikiliza kijijini kuna itifaki yake. Anzia ofisi ya mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Beba barua ya utambulisho hata kama unajulikana. Baada ya hapo omba kuonyeshwa wazee wanaosikilizwa, ambao mara nyingi hawana cheo chochote. Salamu ni sehemu ya kazi. Ugogoni "mbukwa" ikitamkwa kwa unyenyekevu hufungua mlango, ilimradi usiishie hapo ukajifanya mwenyeji. Shikamoo kwa wazee haina mjadala, hata kama wewe ndiye mwenye shahada mbili na gari la ofisi. Unaposhuka kwenye gari hilo, vua miwani ya jua na uweke simu mfukoni. Kwenye vijiji vya Wasandawe, Wanyaturu au Wanyiramba tafuta mkalimani ambaye si kiongozi wa kijiji. Mkalimani mwenye cheo hutafsiri kwa namna inayolinda cheo chake.

Chagua wakati. Usiite mkutano Januari na Februari, msimu wa palizi. Miezi hiyo ghala huwa tupu na mikono yote iko shambani. Utawapata wasio na mashamba na wanaosubiri posho. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, watu wana nafasi na tumbo lina kitu. Epuka pia siku ya mnada, au uitumie kwa akili: usiite mkutano, nenda mnadani ukae kwenye kivuli na usikilize bei na malalamiko. Saa moja hapo inaweza kukupa mengi kuliko dodoso la kurasa kumi na mbili.

Mkutano mkuu wa kijiji ni chombo cha kisheria. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Uheshimu, lakini usiutegemee peke yake kukuambia ukweli. Wanaume wenye ng'ombe wengi husema kwanza, na baada yao wengine hukubali. Kwa hiyo baada ya mkutano kutana na wanawake peke yao, ikiwezekana mahali wanapokuwa tayari: kisimani, kliniki ya watoto, kwenye kikoba. Kutana na vijana. Tembelea nyumba mbili tatu zisizokuja mkutanoni kabisa: mwenye ulemavu, mjane, familia iliyohamia karibuni. Hao ndio watakaolipa gharama ya mradi ukikosewa, na hao ndio hawasikiki.

Maswali yenyewe yawe ya kawaida. Badala ya "changamoto zenu ni zipi?", ambalo huleta orodha ileile ya barabara, maji na zahanati, jaribu haya:

Jana uliamka saa ngapi, ukafanya nini mpaka ulipolala?
Mwaka jana fedha ilikuishia mwezi gani, na ulifanyaje?
Mradi uliopita hapa uliwasaidia akina nani? Nani aliumia?
Tukiacha mambo kama yalivyo, nini kitatokea?

Swali la tatu huwatia watu wasiwasi mwanzoni. Kaa kimya. Ukimya wa nusu dakika katika kikao ni mrefu, lakini jibu la kweli mara nyingi huja baada yake.

Kongwa ina funzo zuri hapa. Kwa miaka mingi wilaya hiyo imekuwa kitovu cha utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaoenea zaidi pale watoto wanapokaa na nyuso zisizonawiwa. Jibu la haraka lingekuwa: leteni maji, au wafundisheni akina mama usafi. Watafiti walioishi na kaya hizo waligundua kwamba umbali wa maji ulikuwa sehemu tu ya habari. Kulikuwa pia na suala la familia inayagawaje maji yaliyopo, nani anaamua mgawo huo, na watu wanadhani kunawa uso wa mtoto kunahitaji maji kiasi gani. Kiasi halisi kilikuwa kidogo kuliko walivyokadiria. Huwezi kupata jambo kama hilo kwa kumlaumu mama mwenye ndoo moja kichwani. Unalipata kwa kukaa naye siku nzima.

Andika unachosikia usiku huohuo, kwa maneno ya msemaji mwenyewe. Kisha rudi. Kurudi kuwaeleza watu ulichowaelewa, ili wakusahihishe, ndiko kunakokutofautisha na watafiti waliopita na madodoso yao. Na kabla ya kupiga picha za watu na kusimulia habari zao mtandaoni, fahamu kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtoto mwenye macho yanayouma si tangazo lako.

Hatua ya tatu: zijue kazi za mezani

Huruma bila uwezo wa kuandaa bajeti humchosha mwenye nayo na haimfikii anayeihitaji. Ndani ya miaka yako miwili ya mwanzo kazini, jitolee kwa shughuli ambazo wenzako huzikimbia: kuandika muhtasari wa kikao, kuandaa bangokitita la mradi (jedwali la malengo, shughuli na viashiria), kurejesha masurufu (fedha ulizotangulizwa kwa kazi) kwa wakati na risiti zake zote, kujibu hoja za ukaguzi. Ukiweza kumweleza mzee wa kijiji kwa nini mstari fulani wa bajeti umekatwa, na ukaweza kumweleza mkaguzi kwa nini mzee huyo alilipwa nauli bila risiti ya mashine, wewe tayari ni mtu adimu.

Jifunze pia kalenda ya serikali. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, na Bunge hukaa hapa Dodoma kujadili bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kijiji kinachopeleka ombi la kisima mwezi Mei kimechelewa kwa mwaka mzima. Vipaumbele hutakiwa kuibuliwa mapema kwenye vijiji na mitaa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vikapita kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri. Kijana anayejua njia hiyo na kuwaandaa wanakijiji mwezi Septemba hana haja ya mfadhili kwa mambo mengi.

Masomo ya ziada? Ndiyo, ila kwa kuchagua. Mji huu umejaa vyuo: UDOM iliyoanzishwa 2007, St. John's, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. Kozi fupi ya usimamizi wa fedha za miradi au ya ufuatiliaji na tathmini itakufaa mapema. Shahada ya uzamili ningeiacha mpaka uwe na swali la kweli kutoka kazini unalotaka kulijibu. Wengi huisoma kwa ajili ya daraja la mshahara. Si dhambi, lakini usiiite maandalizi ya uongozi.

Hatua ya nne: waongoze watu wachache, waongoze vizuri

Siku moja utaambiwa ukaimu. Au utapewa wahudumu watatu wa afya ngazi ya jamii, au wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo. Liangalie jambo hili kwa uzito kuliko cheo kikubwa cha baadaye, kwa sababu tabia za uongozi hujengeka hapa na ni ngumu kuziondoa.

Wape muda wa mtu mmoja mmoja. Nusu saa kila wiki mbili, mlango ukiwa umefungwa kidogo, simu pembeni. Anza na mambo yao: nini kinakwenda, nini kinakwama, unahitaji nini kwangu. Maelekezo yako yaje mwishoni. Kama unasimamia watu wa vijijini na huwezi kuonana nao, piga simu, na upige kwa salio lako.

Kosoa kwa faragha na kwa jambo mahususi. Afisa wako wa Bahi amechelewesha taarifa mara mbili. Njia iliyozoeleka ni kumtaja kwenye kikao cha Jumatatu, "kuna watu hapa hawawajibiki", na wote wakageuka kumtazama. Njia inayofaa ni kumwita na kusema: "Dada, taarifa ya Bahi imechelewa mwezi huu na uliopita, na mimi nimeshindwa kupeleka ya kwangu. Nisaidie kuelewa kinachokukwamisha." Huenda pikipiki haina mafuta na anaona haya kuomba. Huenda ana mgonjwa nyumbani. Huenda ni uzembe mtupu, na hapo unamwambia wazi matarajio yako na tarehe, unayaandika, na unafuatilia. Kujali hakumaanishi kufumbia macho. Anayebeba kazi ya mzembe ni mwenzake mwadilifu, na huyo naye ni mtu wa kumjali.

Dereva, mlinzi, mhudumu wa ofisi: wajue kwa majina, ujue wanaishi wapi, na wajumuishe kwenye chakula cha safari. Ukitaka kumjua kiongozi wa asasi yoyote hapa mjini, usisome tovuti yake. Muulize dereva wake.

Halafu kuna posho. Hakuna mwongozo wa uongozi kwa nchi hii unaoweza kuliruka jambo hili, ingawa mingi huliruka. Posho ya safari na ya kikao imekuwa kwa watu wengi sehemu halisi ya kipato, na wanayo sababu: mishahara ya chini, nauli, ada za watoto. Lakini ndiyo inayoamua warsha ifanyike hotelini mjini badala ya kijijini, na nani apelekwe. Weka kanuni kabla ya fedha kufika. Zamu za safari ziandikwe ukutani. Viwango viwe vilevile kwa kila aliyefanya kazi ileile. Malipo yapite kwenye simu ya mhusika, si kwa mkono. Usisaini wala usimruhusu mtu kusaini karatasi ya mahudhurio iliyo tupu. Na wewe mkuu upunguze safari zako kwanza, kabla hujapunguza za wengine. Utachukiwa miezi michache na baadhi ya watu. Vumilia.

Sifa zigawe kwa majina. Mkuu wa wilaya anapokuja kuzindua tangi la maji, aliyeongoza uchimbaji asimame na aeleze yeye mwenyewe, hata kama Kiswahili chake kina lafudhi nzito na hana suti. Lawama zichukue wewe, hasa mbele ya mfadhili. Timu ikiona umefanya hivyo mara moja tu, itakuambia ukweli kwa miaka.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni uchovu. Watu wanaokaa na shida za wengine kila siku, wauguzi wa wodi, maafisa ustawi, walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, huanza kuwa wakali au baridi bila kujua. Wape likizo zao zote. Baada ya tukio zito, mtoto aliyefariki, kesi ya ukatili, waache wazungumze kabla ya kuwaomba ripoti. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapa mjini, na bado wengi huichukulia kama neno la matusi. Kiongozi anayesema waziwazi kwamba kumwona mtaalamu wa afya ya akili ni sawa na kumwona daktari wa meno huwaokoa watu kimyakimya.

Hatua ya tano: amua chombo cha kazi

Si kila mwenye wito anahitaji kuanzisha NGO. Mimi ningesema wengi hawahitaji. Ukiwa mtumishi wa halmashauri mwenye moyo na unayejua taratibu, unaweza kuwafikia watu wengi kuliko asasi ndogo yenye kompyuta mpakato moja. Muuguzi mfawidhi anayebadilisha jinsi akina mama wanavyopokewa kwenye kituo kimoja cha afya amefanya kazi ya maisha.

Kama bado unataka chombo chako, anza na kikundi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha kuweka na kukopa nacho kina usajili wake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, kwa Msajili aliye katika wizara inayosimamia maendeleo ya jamii, na maombi hufanywa mtandaoni. Utahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi na wasifu wa viongozi. Unachagua ngazi: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Anza na wilaya. Cheti baada ya mabadiliko ya 2019 hudumu miaka 10, na kila mwaka kuna taarifa na ada. Kwenye katiba, weka ukomo wa muda wa mkurugenzi na bodi isiyo ya shemeji na binamu. Kipengele hicho ni rahisi kukiandika leo. Baada ya miaka minane hakuna atakayethubutu kukipendekeza.

Hatua ya sita: fedha zisikuhamishe

Tafuta fedha ndogo kwanza: michango ya wanachama, nguvukazi ya kijiji, wafanyabiashara wa masoko ya Kibaigwa au Majengo wanaolifahamu tatizo. Fedha ya karibu ina maswali magumu, na hayo yatakunoa. Mfadhili mkubwa akija, soma masharti kwa jicho la yule mfugaji wa Kondoa. Je, mradi wa miezi 18 utamwachia nani gharama ukiisha? Kisima kina nani wa kulipia vipuri? Mwalimu wa kujitolea atalipwa na nani mwezi wa 19? Kama hakuna jibu, mwambie mfadhili. Wengi wao huheshimu hilo. Anayekasirika amekuonyesha mapema jinsi mtakavyofanya kazi.

Kwa upande wa sheria, kanuni za 2018 zinaitaka NGO iwasilishe kwa Msajili na Hazina mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20. Bandika muhtasari wa mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo za vijiji unavyofanyia kazi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Wanakijiji wataukagua kwa bidii kuliko kampuni yoyote ya ukaguzi.

Hatua ya saba: pima kilichobaki

Idadi ya waliohudhuria mafunzo haipimi chochote zaidi ya chai iliyonywewa. Tazama kazi ya Kisiki Hai, ambayo LEAD Foundation na Justdiggit wamekuwa wakiieneza mkoani Dodoma tangu 2018. Mkulima hapandi mche. Anachagua machipukizi yanayoota kwenye visiki vilivyo hai shambani mwake, anapogolea mengine, anaweka alama kwenye aliyoyabakiza na kuyalinda dhidi ya mbuzi na panga. Gharama yake kwa mkulima ni ndogo, ndiyo maana hata maskini wa kijiji anaweza. Kipimo chake ni cha macho: machipukizi yenye alama, yapo au hayapo, baada ya kiangazi cha pili?

Tengeneza vipimo vyako hivyohivyo, viwili au vitatu tu. Kisima kinatoa maji leo? Msichana aliyeandikishwa bado yuko darasani Novemba? Halafu ongeza kimoja kuhusu gharama: nani amepoteza muda, ardhi au kipato kwa sababu yetu, na tumemfanyia nini? Matokeo yapeleke kwanza kwa wanakijiji, kisha kwa mfadhili.

Hatua ya nane: jiandae kuondoka

Anza mapema, mwaka wa tatu au wa nne wa kushika nafasi, wakati bado unapendwa. Chagua watu wawili, si mmoja, na angalau mmoja awe ametoka kwenye jamii mnayoifanyia kazi, hata kama cheti chake ni kidogo. Mpe mmoja bajeti nzima aisimamie na mwingine uhusiano na halmashauri, kisha wabadilishane. Nenda nao kwa mtendaji, kwa mkurugenzi, kwa wazee wa kijiji, uwatambulishe kwa maneno yako mwenyewe, na safari inayofuata usiende.

Andika vitu vilivyo kichwani mwako tu: nani alipewa ahadi gani, mgogoro wa mpaka kati ya vitongoji gani haujaisha, mzee gani asipoalikwa kikao huharibika, deni gani la duka la vifaa bado. Kabidhi nywila, mihuri na hati za malipo kwa orodha iliyosainiwa na pande zote. Chukua likizo ndefu, siku zako zote 28, ukaimishe mmoja wao kwa barua rasmi yenye mamlaka ya kusaini. Akikupigia simu katikati ya likizo kuuliza jambo, jibu alilouliza tu, umalize, umwache aendelee na kazi.